Kizimba cha Chatu: Bamba Gani la Plastiki Ununue, Lipi Uliache Dukani

Kabla hujauliza bei ya shiti, amua taa ya joto itakaa wapi. Plastiki karibu zote zinazouzwa kwetu huvumilia maji, mkojo wa mnyama na sabuni kwa miaka. Kinachozishinda ni joto la karibu. Ukishajua mahali pa taa, na ukajua mnyama wako anataka unyevu kiasi gani, nusu ya mabamba yaliyopangwa dukani yatajiondoa yenyewe. Yatakayobaki yagawie kazi: hili la ukuta, lile la mlango, lile la karai la maji. Wanaotafuta bamba moja la kufanya kila kitu ndio wanaorudi dukani mara mbili.

Nitashika mfano mmoja ili tusitawanyike: kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60 cha Python regius, yule chatu mfupi wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Asili yake ni Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani, mpaka pembezoni mwa Uganda. Ni mmoja wa nyoka wanaofugwa majumbani kwa wingi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako huenda ndiko uliko wewe unayesoma. Anahitaji upande wa joto wa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa ubaridi wa 25 hadi 27, na unyevu wa asilimia 60 au zaidi. Kizimba kinachomfaa huyu ni rahisi kukibadili kwa mjusi au kobe, na nitasema pale panapotofautiana.

Kibali kwanza. Chatu wote duniani wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na mwenye kuuliza maswali ni KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kumwokota chatu au kobe porini na kumweka uani ni kosa, hata kama kizimba chako ni kizuri kuliko cha makumbusho. Na kama ni nyoka mwenye sumu, weka mwongozo huu kando: kizimba chake kina masharti mengine ya kufuli, milango miwili na watu waliofunzwa.

Kwa nini tuhangaike na plastiki

Kwa sababu ya maji na kwa sababu ya mchwa. MDF na chipubodi hunywa maji kupitia kingo, huvimba kama mkate uliolowa, na hazirudi tena. Chatu anapojisaidia, mkojo huteremka mpaka kwenye pembe, na pembe ndipo ubao unapoanzia kuoza. Mchwa nao hawapati chakula ndani ya PVC. Kuna jambo la tatu ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa: utitiri wa nyoka hujificha kwenye nyufa na nyuzi za mbao, na kuutoa humo ni kazi ya wiki nyingi. Ukuta laini uliozibwa pembe zote unaufuta kwa kitambaa.

Hata hivyo sitaidharau mbao. Plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa epoksi tabaka tatu, kingo zote zikiwa zimefunikwa, ni bora kuliko PVC hafifu iliyounganishwa ovyo. Ila epoksi nzuri si rahisi, inahitaji siku za kukauka, na ukikosea kona moja maji yataipata. Ukijumlisha gharama ya epoksi na siku za fundi, plastiki mara nyingi inakuwa nafuu.

Bamba la kuta: PVC ya povu

Hili ndilo bamba ambalo mafundi wa mabango wengi hulijua kwa jina la foreksi. Ni PVC iliyopulizwa povu kiwandani ikatulia ikiwa na uso laini pande zote mbili na vitundu vidogo mno katikati. Usiende kulitafuta kwenye duka la wanyama. Nenda kwa wauzaji wa malighafi za mabango, na ukifika waulize pia vipande vilivyobaki, kwa sababu mabaki ya tangazo la duka yanatosha kutengeneza dirisha la hewa au pango la nyoka.

Shiti ya kawaida ni futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Unene wa kawaida ni milimita 3 hadi 18 na zaidi. Kwa kizimba chetu chukua 12. Milimita 10 inatosha kama utaweka pembe za alumini nje; 6 ni ya milango ya kabati na vizimba vya mjusi mdogo; 3 ni ya kubandikia stika, na sitaki kuiona kwenye kizimba cha nyoka.

Faida yake kubwa ni kuhifadhi joto. PVC ya povu hupitisha joto kidogo kuliko plaiwudi, na kidogo kuliko kioo kwa zaidi ya mara kumi. Ukiwa Limuru, Njombe au Mbeya, ambako usiku wa Julai unaingia baridi ya kweli, hii ndiyo tofauti kati ya kifaa cha joto kinachopumzika na kile kinachowaka mpaka asubuhi. Umeme ukikatika, kizimba cha povu hupoa polepole. Tangi la kioo lenye wavu juu hupoa haraka, na unyevu wake unakwenda na hewa. Lakini ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, geuza hesabu. Huko adui ni joto la mchana chini ya bati, na ukuta unaohifadhi joto unaweza kumpikia mnyama ndani. Usiache PVC, ila ongeza matundu ya hewa, weka kizimba mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na uwe na kidhibiti joto kinachozima chenyewe.

Sasa jihadhari, maana foreksi hazilingani. Zipo nzito zilizobana, na zipo nyepesi ambazo ukizibonyeza kwa ukucha zinaacha alama ya kudumu. Muuzaji atakuambia zote ni namba moja. Wewe beba mizani ndogo ya jikoni. Omba kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye unene wa milimita 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 900. Kikiwa na gramu 450 hadi 600, hiyo ni povu inayofaa. Kikishuka chini ya gramu 400, skrubu hazitashika na sakafu itapinda. Kikipita gramu 1,200, umepewa PVC ngumu isiyo na povu: ni imara sana, lakini shiti nzima ni mzigo wa watu wawili na haihifadhi joto vile. Kwa kulinganisha, shiti nzima ya povu ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 20, wakati MDF ya ukubwa huohuo hufika kilo 25 na kupita.

Udhaifu wake mwingine ni kucha. Chatu hana kucha, kwa hiyo haumhusu. Kenge analo la kusema: atakwaruza uso laini mpaka povu lionekane, na povu likionekana uchafu unaingia. Kenge mtengenezee kwa bamba gumu au kwa saruji.

Kuunganisha ndiko kunakoamua

Watu huchagua plastiki kwa rangi na bei, kisha wanagundua nyumbani kwamba haishiki gundi. Uliza swali la gundi mapema.

PVC hushika vizuri gundi ya mabomba ya PVC, ile ya kopo inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Gundi hiyo huyeyusha uso wa pande mbili na kuzifanya kitu kimoja. Kabla ya kujenga, paka vipande viwili vya mabaki, viunganishe kwa pembe, viache siku nzima, kisha vivunje kwa mikono. Povu likichanika pembeni ya kiungo, gundi ni nzuri. Kiungo kikifunguka kama kitabu, badilisha gundi au piga msasa kwanza. Jaribio hili halina gharama, na linakuambia ukweli kuliko maandishi ya kopo.

Gundi peke yake haitoshi kwa kizimba cha urefu huu. Tia skrubu za uzi mnene kila sentimita 15, ukitoboa kwanza kitundu chembamba katikati ya ukingo wa bamba. Kaza kwa mkono au kwa drili iliyowekwa nguvu ndogo. Skrubu ikishazunguka bure ndani ya povu, imekufa, ihamishe, usiilazimishe. Kwa mabamba yasiyofika milimita 10 usiguse ukingo kabisa: weka kipande cha mbao au cha PVC ndani ya pembe na ukazie humo. Mwisho zungushia silikoni kwenye pembe zote za ndani. Silikoni inayonuka siki ni sawa, mradi uiache wiki nzima mpaka harufu iishe kabla mnyama hajaingia. Zile zilizoandikwa kuwa zinazuia ukungu huwa na dawa ndani yake, ziache bafuni.

Sakafu ina jambo lake. Udongo na matandazo ya sentimita 8 katika kizimba hiki ni zaidi ya lita 50, na yakilowa uzito wake unaweza kukaribia kilo 50. Bamba la povu lenye urefu wa sentimita 120 likiachwa linaning'inia litapinda katikati. Weka mbao tatu za mbili kwa mbili chini yake, au ulikalishe juu ya meza iliyonyooka.

Mlango: kioo kimeshinda

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaotaka akriliki kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki ovyo. Akriliki ina tabia ya kunywa unyevu kidogo. Upande wa ndani ukiwa na unyevu wa asilimia 70 na wa nje ukiwa mkavu, uso mmoja hutanuka kuliko mwingine na bamba hupinda taratibu, kona zikitokeza nje. Mlango wa kuteleza uliopinda haufungi. Unaacha mwanya kwenye kona, na chatu mdogo anapita palipo na upana wa kichwa chake. Pia akriliki hukwaruzika kwa mchanga unaobaki kwenye reli, na ukiifuta kwa spiriti mara kwa mara hujaa nyufa nyembamba kama nywele.

Kioo cha milimita 5 hakina hayo. Hakipindi, hakikwaruziki kirahisi kama akriliki, na kukifuta hakuhitaji uangalifu. Mtafute fundi wa alumini anayetengeneza makabati ya maduka ya simu: reli, vioo vya kuteleza vilivyosagwa kingo, na kufuli ndogo ya kabati ni kazi yake ya kila siku. Mwambie vioo viwili vipitane sentimita 4 katikati, na chini ya reli uache kizuizi cha PVC cha sentimita 10 ili matandazo yasimwagike. Kufuli usiiache. Chatu husukuma kioo kwa pua usiku kucha mpaka kiteleze.

Ukilazimika kutumia akriliki, kwa mfano katika kizimba cha kusafirishwa au mahali wanafunzi wanaposongamana, chukua milimita 6 au zaidi, fanya mlango wa bawaba wenye fremu ya alumini pande zote nne, na uache nafasi ya kutanuka. Hesabu yake ni hii: bamba la akriliki la mita 1.2 likipanda nyuzi 20 hurefuka karibu milimita 1.7. Matundu ya skrubu kwenye akriliki yawe mapana kuliko skrubu yenyewe, na utoboe polepole juu ya ubao. Ukikaza skrubu kwenye tundu lililoibana, ufa utakuja wenyewe siku ya jua.

Polikaboneti ni ndugu yake aliye sugu. Ukiipiga nyundo inarudisha. Hukwaruzika upesi, na asetoni na amonia huiharibu, kwa hiyo soma kopo la dawa ya vioo kabla ya kupuliza. Ile ya matundu inayotumiwa kuezekea vibaraza ni nzuri kwa banda la nje la kobe, kama kifuniko cha mvua. Ina upande mmoja wenye kinga ya jua, ulioandikwa kwenye nailoni yake. Upande huo ndio unaotazama juu. Ukiibandua nailoni kabla ya kutia alama, umebaki kubahatisha.

Jua halipiti hata kama unaliona

Hili linawahusu zaidi wafugaji wa kobe, kinyonga na mijusi ya mchana. Wanyama hao wanahitaji mionzi ya UVB ili ngozi itengeneze vitamini D3. Bila hiyo mifupa na gamba hulainika. Kioo cha kawaida, akriliki ya kawaida na polikaboneti huzuia UVB karibu yote. Chumba kitajaa mwanga, mnyama ataonekana anaota jua, na hapati kitu. Kwa hiyo taa ya UVB ikae ndani ya kizimba au juu ya wavu, isiwe juu ya bamba la wazi. Banda la nje liwe na sehemu iliyofunikwa kwa wavu mtupu. Na kizimba chochote chenye kuta za wazi usikitoe juani: joto la ndani hupanda kwa dakika chache kufikia kiwango cha kuua.

Kobe ana shida nyingine na kuta za wazi. Haelewi kwamba kuna ukuta, hivyo hutembea akigonga palepale siku nzima. Mwekee kuta zisizopitisha macho, walau sentimita 30 za chini.

Kinyonga sitamweka kabisa ndani ya sanduku la plastiki lililozibwa. Anataka hewa inayopita. Kwa kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, wavu pande zote ndiyo nyumba. Ukiwa mahali pakavu au penye kiyoyozi, foreksi inaweza kufunika mgongo na ubavu mmoja ili unyevu usikimbie wote.

Ya kuachwa dukani, na ya kazi ndogo

Mabamba ya dari ya PVC, yale marefu yenye maua ya dhahabu, yatakuvutia kwa bei. Ndani yana mifereji mitupu, na kuta zake ni nyembamba mno. Sisimizi, mende na utitiri wanapata nyumba ya ghorofa, na mkojo ukipenya kwenye maungio haufikiwi tena. Ukitaka kuyabandika nje ya kizimba kwa urembo, sina neno.

HDPE, plastiki ya mbao za kukatia nyama, ni ngumu, haioti ukungu kirahisi na haidhuriki kwa dawa. Tatizo ni kwamba haishiki gundi wala silikoni. Huunganishwa kwa kuchomelewa kwa hewa moto au kwa boliti. Polipropilini ni hivyohivyo. Hizi zipe kazi ya karai la maji, sanduku la kutagia na trei ya chini. Ukitaka kuzitambua, tupa kipande ndani ya ndoo: HDPE na polipropilini huelea, akriliki, polikaboneti na PVC isiyo na povu huzama. Foreksi nayo huelea kwa sababu ya povu lake, kwa hiyo jaribio hili lifanye pamoja na lile la gundi. Usijaribu kutambua plastiki kwa kuichoma. Moshi wa PVC una asidi ya hidrokloriki, na mapafu ni yako.

Pipa la plastiki lililobeba kemikali usilikate kutengeneza karai, hata kama umelisuuza mara kumi. HDPE huhifadhi harufu, na kinachonuka kinatoka.

Bodi nyepesi ya polipropilini yenye mifereji, ile ya mabango ya "nyumba inauzwa", inafaa kwa kizimba cha muda cha karantini. Unaitumia mwezi mmoja na kuitupa pamoja na utitiri wake.

Taa na ukuta

PVC huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 70 hadi 80, na si vyema kuiacha ikae muda mrefu juu ya 60. Balbu ya joto hupita kiwango hicho kwa mbali. Sehemu inayoumia kwanza ni dari iliyo juu ya taa, kwa kuwa hewa moto hupanda. Kwa hiyo sheria yangu ni nyuzi 50: washa kila kitu kwa saa tatu, elekeza kipimajoto cha mionzi kwenye dari na ukuta wa karibu, na ukisoma zaidi ya 50 mahali popote, hamisha taa au punguza wati. Kishikio cha balbu kiwe cha kauri. Cha plastiki hupasuka, na balbu ikianguka juu ya matandazo makavu umeanzisha moto.

Kwa chatu huyu ningependelea bamba la joto linalofungwa darini au kifaa cha kauri ndani ya kikapu cha waya, vyote vikiendeshwa na kidhibiti joto. Kikapu hicho ni lazima. Nyoka hujizungusha kwenye kitu cha moto bila kukiachia mpaka ngozi iungue. Mkeka wa joto wa kuweka chini ya sakafu haufai kwa foreksi nene, maana povu linalohifadhi joto ndani linalizuia pia lisiingie. Joto hubaki limebanwa chini na bamba linapinda.

Kukata shiti moja

Shiti moja ya futi nane kwa nne inatosha mwili wote wa kizimba, ukiikata hivi. Pima urefu wa sentimita 244 na ugawe mapande manne ya sentimita 60; msumeno utakula milimita chache kila mkato na bado utabakiwa na utepe wa karibu sentimita 3. Mapande matatu, kila moja likiwa na sentimita 60 kwa 122, ni sakafu, dari na mgongo. La nne likate katikati upate mbavu mbili. Mbavu zisimame juu ya sakafu, dari ilale juu yake, na mgongo uingie katikati ya mbavu, kwa hiyo urefu wake utapungua kwa unene wa mabamba mawili: sentimita 2.4. Upime mgongo ukiwa umesimamisha mbavu, usikate kwa hesabu ya karatasi. Kizuizi cha chini na utepe wa juu wa kushikilia reli vitoke kwenye kipande kingine cha mabaki.

Muuzaji mwenye mashine ya meza atakukatia kwa malipo kidogo, na mkato wake utakuwa mnyoofu kuliko wako. Ukikata mwenyewe, tumia msumeno wa meno madogo au kisu kinachoongozwa na rula ya chuma, vaa barakoa, na vumbi lifagiwe likiwa limenyunyiziwa maji kwa sababu hung'ang'ania kila kitu.

Matundu ya hewa yawe upande wa ubaridi chini na upande wa joto juu, ili hewa ipande na kutoka. Anza na matundu mawili ya milimita 50 kila upande, yenye vifuniko vya wavu vya makabati. Ni rahisi kuongeza tundu. Kuziba lililozidi kunaacha kovu. Ukanda wa pwani anza na matatu.

Usafi ni maji ya uvuguvugu na sabuni kila wiki, kisha klorheksidini iliyochanganywa kama ilivyoandikwa. Epuka dawa zenye fenoli na mafuta ya msonobari, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini. PVC haitadhurika, lakini nyoka atadhurika.

Kizimba kikishakamilika, kiache wazi wiki nzima harufu ya gundi na silikoni iondoke. Halafu weka matandazo, maji na vipimajoto viwili, funga mlango, na ukiendeshe wiki nzima kikiwa kitupu. Andika joto la alfajiri na la saa tisa alasiri kila siku. Alfajiri ikishuka chini ya 24 upande wa ubaridi, ziba tundu moja au bandika foreksi ya pili mgongoni. Alasiri ikipita 34 upande wa joto huku kifaa kimezimwa, kizimba kiko mahali pabaya. Kihamishe kabla chatu hajaingia.